Mtu Mzima Anayetaka Kupiga Für Elise Haraka: Dhana Potofu na Ukweli

Watu wazima wanaoanza piano Mbeya na Iringa, wengi wao wanakwaya, mara nyingi huja na wimbo mmoja kichwani: Für Elise ya Beethoven, au Haleluya ya Handel. Hamu hiyo ni mtaji. Kinachoharibu ni namna ya kuutumia.

Dhana: Amalize kwanza vitabu vya wanaoanza

Ukweli: Mwalimu, mpe mwanafunzi wimbo wake mapema, ila kwa vipande. Für Elise, iliyotungwa mwaka 1810, haina ugumu wa aina moja. Baa 8 (vipimo vya wimbo kati ya mistari ya wima kwenye noti) za mwanzo mikono hupokezana, haigombani, kwa hiyo anayeanza anaziweza. Sehemu ya F meja yenye noti za mbio, na ile ambayo besi ya A hugongwa mfululizo, zingoje.

Katika nusu saa ya mazoezi, dakika 10 ziende kwenye wimbo huu na 20 kwenye nyimbo nyepesi na kusoma noti. Ukigeuza hesabu hiyo, atakuwa na wimbo mmoja wa kukariri na hataweza kusoma mwingine.

Dhana: Kurudia wimbo toka mwanzo ndiyo mazoezi

Ukweli: Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Anayeanzia juu kila mara hujua vizuri mistari miwili ya kwanza, akifika penye ugumu anakwama, anarudi juu tena. Kosa lenyewe analifanyia mazoezi.

Chukua baa mbili, pamoja na noti ya kwanza ya baa inayofuata. Bila noti hiyo, kila kiungo kitakuwa na pengo. Mkono wa kulia kwanza: E, D shapu, E, D shapu, E, B, D, C, A, kwa vidole 5 4 5 4 5 2 4 3 1 (1 ni dole gumba). Kushoto ni A, E, A kwa vidole 5 2 1. Weka metronomu (kipima mapigo) ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, mpigo mmoja kwa kila noti. Akipita mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 5. Akikosea, shuka.

Sehemu mbili huwaangusha wengi. Ya kwanza ni kushoto: E, E ya juu, G shapu. Umbali huo unazidi okteva (toka noti moja hadi ya jina hilohilo juu yake), na anayejaribu kutanua vidole hukakamaa kifundo cha mkono, noti ya tatu ikachelewa. Kidole cha 5 kiachie, kiganja kizima kisogee kulia. Ya pili ni pale E na D shapu zinapopishana kwa muda mrefu kabla wimbo haujarudi mwanzo. Sikio halipati alama, hesabu inapotea. Weka alama ya penseli kwenye noti ya kwanza ya kila baa, hesabu kwa sauti moja-mbili-tatu.

Dhana: Vidole vya mtu mzima vimeshakauka

Ukweli: Tatizo la kawaida ni mabega yaliyopanda na kiti kifupi. Viwiko viwe sawa na vibao vya kinanda. Asubuhi za Juni na Julai, hasa Makete na Njombe, vidole huwa baridi kweli: loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kwanza.

Dhana: Solfa haisaidii kwenye piano

Ukweli: Inasaidia sana. Für Elise iko A maina, hivyo la ni A, na mwanakwaya anaweza kuimba mi, ti, re, do, la kabla hajagusa kinanda. Ila do huhama kufuata ufunguo wa wimbo, vibao havihami. Majina A hadi G ayajue tangu somo la kwanza.

Dhana: Kitufe cha kuhamisha ufunguo kinatosha

Ukweli: Wapigaji wengi wa kanisani hupiga C, wakaongeza +2 ili isikike D. Kwa ibada, sawa. Lakini Haleluya imeandikwa D meja, yenye shapu za F na C. Aliyezoea C tu akikutana na piano ya mbao hana kitufe. Mfundishe skeli ya D mapema, mkono mmoja mmoja.

Dhana: Kibodi ya vibao 61 haifai

Ukweli: Kwa baa hizo 8 inatosha. Vibao vyake vyepesi havizoeshi nguvu ya kidole, na kibodi nyingi huuzwa bila pedali (kikanyagio cha kurefusha sauti). Nunua pedali baadaye, baada ya mikono miwili kwenda pamoja bila kusita. Ikija mapema inafunika makosa.