Bwawa linalonuka klorini halijazidiwa klorini

Kwenye nyumba zenye bwawa huko Njiro, Arusha, utasikia: “Maji yananuka dawa, punguzeni klorini.” Ni kinyume chake. Harufu ile kali, pamoja na macho mekundu ya watoto, huletwa na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo (ndiyo, mkojo). Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, imebaki kidogo, kwa hiyo ongeza dozi kubwa ya mara moja, jioni, maana jua huila upesi. Kabla ya hapo pima pH (kiwango cha asidi ya maji): iwe 7.2 hadi 7.8. Ikizidi, klorini hupungua nguvu. Watoto wasubiri kipimo cha klorini kishuke hadi miligramu 1–3 kwa lita.