Saratani ya Kaposi: kwa nini tunalenga protini za mwili, si za kirusi

Mgonjwa akisikia kwamba Kaposi huletwa na kirusi, KSHV, huuliza mbona hapewi dawa ya kukiua, kama ganisiklovia. Swali ni la haki. Shida ni kwamba ndani ya seli nyingi za uvimbe kirusi hicho kimelala. Ganisiklovia hukinasa pale kinapojinakili kwa vimeng'enya vyake, na kilicholala hakivitengenezi. Hutoa protini chache tu za kuiteka mitambo ya seli, kwa hiyo mitambo hiyo ndiyo ya kulengwa.

Mojawapo ni mTOR, protini inayoiamuru seli ikue. KSHV huichochea kupita kiasi. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walieleza habari za wagonjwa 15 waliopandikizwa figo kisha wakapata Kaposi. Waliachishwa siklosporini, dawa inayofifisha kinga ya mwili, wakapewa sirolimasi, ambayo huzima mTOR na papo hapo huzuia mwili kuikataa figo. Ndani ya miezi 3 mabaka ya ngozi yalikuwa yametoweka kwa wote. (Kuacha siklosporini nako kulisaidia, sifa zote tusiipe sirolimasi.)

Nyingine ni sereblon, inayosaidia kuamua protini zipi za seli zivunjwe. Pomalidomidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa Kaposi mwaka 2020, huishika hiyo. Humezwa 5 mg mara moja kwa siku kwa siku 21, halafu siku 7 za kupumzika.

Ubaya wa kulenga protini za mwili ni kwamba seli zenye afya nazo huzihitaji protini hizi. Pomalidomidi hushusha chembe nyeupe, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Huweza kugandisha damu mishipani, ndiyo maana huambatana na aspirini. Na kwa kuwa ni jamaa ya thalidomidi, dawa inayojulikana kwa kulemaza watoto tumboni, nayo huweza kufanya hivyo, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hapimwi mara moja bali mbili kabla ya kuanza. Sirolimasi ina mtego mwingine: ritonavia, mojawapo ya dawa za VVU, hulizuia ini kuivunja, dozi ya kawaida ikageuka sumu, ilhali rifampisini ya kifua kikuu huimaliza upesi. Njoo kliniki na vidonge vyote unavyotumia, hata vya dukani.

Kwa mwenye VVU, msingi ni ARV, na ugonjwa ukiwa umesambaa huongezwa dawa ya saratani kama paklitakseli. Nayo, ukiitazama vizuri, hulenga protini ya mwili, tubulini, ambayo kila seli inayogawanyika huitumia, pamoja na zile za mizizi ya nywele. Ndiyo maana nywele hudondoka.