Umemwajiri mtandaoni? Nauli ya kumrudisha ni yako

Mwenye hoteli ya ufukweni huko Pangani alituletea mkataba wa mpishi wake. Kwenye "mahali mfanyakazi alipoajiriwa" kalamu ya buluu iliandika: Instagram.

Hakuwa anatania. Walizungumza kwa simu, mpishi akatumiwa nauli kutoka Mbeya, wakaonana kwa mara ya kwanza stendi ya mabasi ya Kange, Tanga. Ajira ilipokoma, mpishi akadai nauli ya kurudi.

Ni haki yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ajira ikikomea mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri humsafirisha pamoja na mizigo yake, au hulipia usafiri huo, au humpa posho ya usafiri. Juu yake kuna posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kila "njoo kesho" inaongeza deni. Kwa hiyo, ndugu waajiri, andikeni mji aliokuwepo mtu mlipokubaliana. Mtandao si mji.

Maelezo ya maandishi hutolewa kazi inapoanza: aina ya kazi, tarehe, muda wa mkataba, saa, ujira. Yatunzwe miaka 5 baada ya ajira kukoma. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, nawe huna maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe. Mfanyakazi naye asilale: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mingineyo siku 60, kwa fomu CMA F1.

Matangazo nayo. "Anahitajika binti, asiyeolewa, chini ya miaka 25." Sheria inamlinda hata mwombaji dhidi ya ubaguzi wa jinsia, ndoa na umri, isipokuwa kazi yenyewe idai hivyo. Kupokea wageni mapokezi hakudai useja.

Tena, vitambulisho vya NIDA vya waliokosa nafasi havirushwi kwenye makundi ya "wenzetu mnaotafuta watu". Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kufichua taarifa kinyume na lengo lililokusanyiwa kunaweza kumgharimu mtu binafsi faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni hutozwa hadi bilioni 5.

Yule mwenye hoteli alilipa nauli, usafirishaji wa godoro na mtungi wa gesi, na posho ya siku 11. Akauliza kama anaweza kukata humo gharama ya bando alilotumia kumtafuta mpishi.

Hapana.