Ukichovya nikeli, simamia ampea: kifaa kidogo cha umeme kwa fundi wa Tanga

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuanza kuchovya vyuma hapa Tanga, yaani kuvivika gamba la nikeli kwa umeme, ni hili: "Shikamoo fundi, niweke volti ngapi?" Nalielewa linakotoka. Betri imeandikwa volti, chaja imeandikwa volti, dukani nako unauziwa kwa volti. Ila gamba la nikeli hujengwa na ampea na muda. Fundi akilishika hilo, anaweza kujitengenezea kifaa cha umeme kinachoenea kwenye boksi la viatu, na kikatoa kazi safi kuliko chaja kubwa ya gari.

Hesabu yenyewe ni ya mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday, aliyeieleza miaka ya 1833 na 1834, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 inashusha gramu 1.095 za nikeli. Shaba inayotoka kwenye mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni gramu 1.186. Fedha ni gramu 4 na kidogo, kwa sababu chembe ya fedha ni nzito na inahitaji elektroni moja tu, ilhali nikeli na shaba zinahitaji mbili mbili. Hapo volti hazimo kabisa.

Baada ya hapo unaangalia eneo la kitu unachochovya. Mmumunyo wa nikeli tunaoutumia wengi ni ule wa Oliver Watts wa mwaka 1916: nikeli salfeti gramu 240 hadi 300 kwa lita, nikeli kloridi gramu 30 hadi 60, asidi ya boriki gramu 30 hadi 45, na joto la nyuzi 50 hadi 60. Mmumunyo huu unapenda ampea 2 hadi 5 kwa kila desimeta ya mraba, yaani eneo la sentimita 10 kwa 10. Ukiwa chini sana utakesha. Ukizidisha, kona na ncha zinaungua, zinakuwa nyeusi na zenye ukakasi, na hapo ni kurudi kwenye msasa.

Tuchukue kengele ya baiskeli, maana Tanga baiskeli hazijatuishia. Kengele yenye upana wa sentimita 5.5, tuihesabu kama nusu mpira: nje ni kama sentimita za mraba 47, na ndani vilevile. Jumla inakaribia desimeta 1 ya mraba. Kwa ampea 3 ndani ya dakika 20 umepitisha ampea 1 ya saa nzima, basi utapata gramu 1 ya nikeli na unene wa maikroni 12 hivi kwa wastani (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nje patakuwa panene kuliko ndani, kwa kuwa umeme huukimbilia upande unaotazamana na bamba la nikeli lililotundikwa nalo kwenye beseni la mmumunyo. Kama una rafiki sonara, azima mizani yake, pima kengele kabla na baada. Ukikuta uzito umeongezeka gramu moja hivi, hesabu zako na kifaa chako vinasema kweli. Kipimo hicho mimi nakiamini kuliko mng'ao.

Kwa hiyo kifaa tunachokitaka ni chenye kushika ampea 3 bila kuyumba, huku volti zikijipangia zenyewe. Kwa beseni dogo la nikeli lenye joto zuri, volti hizo huwa kama 3 au 4. Ukizidisha 3 kwa 4 unapata wati 12 tu. Ndiyo maana adapta ya zamani ya laptopu, ile ya volti 19 na ampea 3.42, inatosha na kubaki: ina wati 65.

Adapta peke yake haifai, volti 19 zitaichoma kazi mara moja. Katikati unaweka bodi ndogo ya kushusha volti. Iliyozoeleka inatumia chipu ya XL4015, na unapoinunua hakikisha ina skrubu mbili za kurekebisha, moja ya volti na moja ya ampea. Zipo zenye skrubu moja tu, zinafanana sana na hizo, na muuzaji atakwambia ni kitu kilekile. Si kilekile. Isiyo na skrubu ya ampea iache dukani. Chipu imeandikwa ampea 5, lakini kwa joto letu la pwani naishia 3 kama haina bati la kupoza, na hata hapo naiwekea kifeni kidogo. Uzuri wa bodi hii ni kwamba haiteketezi volti zilizozidi kwa kuzigeuza joto. Inazigeuza kuwa ampea: upande wa adapta unavuta ampea 1 tu, au pungufu, upande wa beseni zinatoka 3.

Kuipanga, anza bila beseni. Washa, weka mita ya kupimia umeme kwenye matokeo, yaani upande wa bodi unakotokea umeme, zungusha skrubu ya volti mpaka isome 5. Kisha hamishia mita kwenye tundu la ampea 10 na uunganishe matokeo kupitia mita moja kwa moja. Usiogope, bodi imetengenezwa kuvumilia hilo. Zungusha skrubu ya ampea mpaka isome 3. Sasa unganisha beseni: waya hasi kwenye kengele, waya chanya kwenye bamba la nikeli. Ukizigeuza, kengele ndiyo itakayoyeyuka.

Kuna jambo moja limewasumbua mafundi wengi, na sijaona likielezwa vya kutosha. Bodi hizi hupima ampea kwenye njia ya hasi, kati ya hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea. Hasi hizo mbili zikikutana mahali pengine, tuseme kupitia boksi la bati ulilofungia kila kitu, umeme unapita njia ya mkato na bodi haihesabu tena. Skrubu ya ampea unaizungusha na hakuna kinachobadilika. Tumia boksi la plastiki, na hasi ya beseni isiguse chochote zaidi ya bodi.

Kushika ampea nako kuna hatari yake. Ukitundika vitu vidogo vitatu pamoja, kila kimoja na ampea 1, na kimoja kikadondoka, bodi haitajua. Itazisukuma ampea zote 3 kwenye viwili vilivyobaki, na vinaweza kuungua. Dawa ni skrubu ya volti. Kazi ikishatulia, soma volti kwenye beseni, tuseme 3.4, halafu mara nyingine panga kikomo kwenye 4 badala ya 5. Kitu kikidondoka, volti zitapanda kidogo, zitagonga kikomo na kubaki hapo.

Volti basi zina kazi yake: zinakupa habari. Ampea zimetulia lakini volti zinapanda polepole? Mmumunyo umepoa, au klipu imelegea, au bamba la nikeli limejifunga utando na linataka kusuguliwa. Volti zimeanguka ghafla karibu na sifuri? Kengele imegusa bamba. Pima kwenye beseni penyewe, kwa kuwa waya na klipu hula chao, hasa klipu zikishaanza kuota ukijani.

Asiyepata bodi atumie balbu ya gari. Betri ya volti 12, balbu ya wati 21, kisha beseni, vyote kwenye mstari mmoja. Balbu itapitisha kama ampea 1.6. Waya wake wa ndani ukipata moto huongeza ukinzani, kwa hiyo mkondo ukitaka kupanda, balbu inaubana yenyewe. Nusu ya kengele yetu ingechovywa vizuri hivyo. Ni njia ya zamani, inapoteza umeme mwingi kwa mwanga, na bado naiheshimu. Kwa vitu vikubwa, kama usukani wa baiskeli au dele la kahawa upande wa nje, boksi la umeme la kompyuta ya mezani lina waya nyekundu za volti 5 zenye ampea nyingi, mara nyingi 20 na zaidi. Hilo linashika volti, halishiki ampea, kwa hiyo linahitaji kizuizi chako mwenyewe na jicho kwenye mita. Ndani ya dele sichovyi nikeli hata nikiombwa, watu watakunywa humo.

Sasa umeme kukatika. Kwa shaba si neno sana, unaosha na kuendelea. Kwa nikeli ni balaa. Gamba la nikeli likikaa dakika chache bila mkondo linajifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na nikeli mpya ikija juu yake haishiki. Kitu kinatoka kiking'aa, mteja anakisifu, na baada ya muda gamba la juu linaambuka kama ganda la kitunguu. Wengi wanalaumu usafishaji wao, kumbe walikatikiwa na umeme katikati ya kazi wakaendelea tu uliporudi.

Kinga ni betri ndogo ya volti 12, zile za ampea-saa 7 zinazokaa kwenye vifaa vya kengele za ulinzi. Unachukua dayodi mbili za Schottky, vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za ampea 5 au zaidi. Moja inatoka chanya ya adapta, nyingine chanya ya betri, na zote zinaishia kwenye chanya ya kuingilia ya bodi. Hasi za adapta na betri zinaungana pamoja upande huo wa kuingilia. Adapta ikiwa hai, volti zake 19 zinaizidi betri, kwa hiyo betri inapumzika. Umeme ukikatika, betri inashika palepale. Kwa kengele yetu inavuta ampea 1.2 hivi, na dakika 20 ni chini ya nusu ampea-saa. Betri ichajiwe kwa chaja yake, maana dayodi haziruhusu adapta kuichaji.

Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na beseni lenye moto linatoa mvuke wa asidi. Vikikutana juu ya bodi, miguu ya vipuri inaota kutu ya kijani. Kaa na kifaa mita moja au zaidi kutoka kwenye beseni, upande upepo unakotokea, na upake bodi rangi ya kucha isiyo na rangi, ila usiguse skrubu wala bati la kupoza. Dirisha liwe wazi: beseni linatoa pia haidrojeni.

Usijenge kifaa kisichotenganishwa na umeme wa ukutani. Adapta nzima ya laptopu imetenganishwa ndani. Transfoma yenye koili moja tu haijatenganishwa, na mikono yako iko majini. Sianidi za fedha na dhahabu sizigusi nyumbani, zikikutana na asidi zinatoa gesi inayoua. Asidi ya kromiki nayo siitaki, inaleta saratani. Nikeli yenyewe haina upole: vaa glavu, usivute vumbi la chumvi zake, na usichovye hereni, kuna ngozi zisizoivumilia. Mmumunyo uliochoka usimwage kwenye mfereji unaoishia baharini. Ongeza chokaa mpaka pH, kipimo cha uasidi, ifike kama 10, tope la kijani litulie chini, ulichuje na kulihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi.

Kabla ya kupokea kazi ya mtu, chovya kipande cha bati la majaribio, na katikati ya kazi chomoa adapta ukutani huku ukitazama mita. Sindano ikiyumba kidogo na kurudi kwenye 3, endelea. Ikianguka sifuri, kagua dayodi ya upande wa betri kwanza, mara nyingi imefungwa kinyume.