Je, wajua jinsi mji mzima unavyoweza kuchora picha moja ukutani?

Msanii wa mji mdogo anataka kuupamba ukuta mrefu, na anataka wakazi wenyewe washike brashi: watoto, wazee, hata wale ambao hawajawahi kuchora chochote. Picha ikikamilika, yaonekana imetoka kwenye mkono mmoja. Inawezekanaje?

Siri iko kwenye miraba. Msanii huchora picha ndogo karatasini, akaigawa kwa mistari, kisha akapiga miraba ileile ukutani, ila mikubwa zaidi. Kilichomo ndani ya mraba wa karatasi hunakiliwa kwenye mwenzake wa ukutani. Mbinu hii ni kongwe: wachoraji wa makaburi ya Misri ya kale walipiga mistari kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, na pale walipoacha kazi njiani, miraba ingali inaonekana. Siku hizi wengine husubiri giza, wakaimulika picha ukutani kwa projekta na kuifuatisha.

Kisha kila sehemu hupewa namba, na kila namba ina kopo lake la rangi. Hapo ndipo mji unapoingia kazini. Asiyejua kuchora anaweza kujaza namba 7 kwa samawati. Msanii hubaki na nyuso na vivuli.

Na wasioweza kupanda jukwaa? Philadelphia, Marekani, ambako mpango wa michoro ya ukutani ulianza mwaka 1984 na kuzaa michoro zaidi ya 4,000, hutumia kitambaa chepesi. Watu hukipaka rangi vipande vipande mezani, hata magerezani, kisha hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Kwangu mimi hii ndiyo mbinu bora kuliko zote, maana haimwachi mtu nje.

Chemainus, mji mdogo wa Canada uliotegemea kiwanda cha mbao, ulianza kuchora historia yake kutani mwaka 1982. Kiwanda kilipofungwa mwaka uliofuata, michoro ile ndiyo iliyovuta wageni.

Ukuta nao utayarishwe: lipu mbichi iachwe ikauke kwa wiki kadhaa, kwani ukali wa saruji hubandua rangi. Hata hivyo jua na mvua vitakula tu. Ndiyo maana msanii makini huwaachia wenyeji ile karatasi ya namba: kipande kikibanduka miaka kumi baadaye, yeyote ataangalia na kujua kwamba hapo ni namba 7, samawati.