Ukifika Samoa, umeingia kwa watu

Wanaojiandaa kwenda Samoa hutuuliza kwanza habari za viza, kisha nauli, kisha ufuo gani unafaa kwa kuogelea. Nitaanza na hilo la tatu, maana ndilo linalowakwaza wageni wengi wakishafika. Karibu kila ufuo wa Samoa una wenyewe. Hata maporomoko ya maji, mapango na njia ya miguu inayokatiza msituni yana wenyewe. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya nchi hii ni ardhi ya kimila, mali ya koo, na kifungu cha 102 cha katiba kinakataza isiuzwe wala isiwekwe rehani. Kwa hiyo popote utakapokanyaga nje ya mji wa Apia, chukulia kwamba umeingia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Mengi yanayoonekana kama masharti magumu ya utamaduni wa Kisamoa yataeleweka ukianzia hapo.

Naizungumzia Samoa iliyo huru, yenye visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i. Samoa ya Marekani iliyo jirani yake upande wa mashariki ni habari nyingine. Nchi hii ina watu laki mbili na ushei, na eneo lake linazidi kidogo Unguja na Pemba zikiunganishwa. Ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nchi ndogo za visiwa vya Pasifiki. Mwezi Oktoba 2024 Apia ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola, ambayo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wanachama.

Ardhi ya kimila ilibaki mikononi mwa koo kwa kuponea chupuchupu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kizungu walijiandikishia mashamba kwa hati za kila namna, hata madai yao yote yalipojumlishwa yakazidi mara mbili ya ardhi yote iliyopo visiwani. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1889 ulileta tume ya kuchunguza hati hizo, na tume ikakubali takriban asilimia 8 tu ya eneo lililodaiwa. Mwaka 1900 Ujerumani, ile ile iliyokuwa imeshika Tanganyika, Rwanda na Burundi, ikatwaa visiwa hivi vya magharibi. Mwaka 1914 New Zealand ikaviteka. Wasamoa waliipinga kwa miaka mingi bila silaha, kwa vuguvugu waliloliita Mau, na tarehe 28 Desemba 1929 polisi wakafyatua risasi kwenye maandamano yao mjini Apia, na kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III akapoteza maisha. Watu waliopita humo hawashangazi wanapokuwa wakali kwa habari ya nani anakanyaga wapi.

Mwenye ardhi, basi, ni nani? Ni ukoo, unaoitwa aiga, na msemaji wa ukoo ni matai. Umatai haurithiwi moja kwa moja na mtoto wa kwanza. Wanaukoo hukaa, wakajadiliana, mara nyingine wakagombana hadi mahakamani, kisha wakamtawaza wanayemwona anafaa, mwanamume au mwanamke. Fiame Naomi Mata'afa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo mwaka 2021, ana cheo hicho. "Fiame" ni cheo cha umatai, na jina lake ni Naomi. Matai wa kijiji wakikutana wanakuwa fono, na fono ina meno, kwa kuwa sheria ya mwaka 1990 inaitambua mamlaka yake ya kutoza faini na kuadhibu. Faini yaweza kuwa nguruwe, makasha ya samaki wa kopo, au mikeka. Mgeni hatozwi nguruwe, lakini familia iliyomkaribisha yaweza kutozwa kwa kosa lake, na hilo ni zito zaidi.

Ndiyo maana ukifika ufukweni utakuta kijana au bibi amekaa kwenye kibanda, anakuomba tala chache, ambayo ndiyo sarafu yao. Wapo watalii wanaolalamika kwamba wanakamuliwa. Sikubaliani nao. Pale Alofaaga, kijiji cha Taga kisiwani Savai'i, bahari inajipenyeza chini ya mwamba wa lava na kuruka juu kupitia matundu kwa kishindo, na wanakijiji hutupia nazi kavu humo ili zirushwe angani. Kiingilio unacholipa kinabaki kijijini. Beba noti ndogo ndogo, lipa kwa aliyekaa kwenye kibanda, na usitoe tena kwa kila kijana atakayekufuata njiani.

Falealupo, ncha ya magharibi ya Savai'i, inaonyesha maana ya umiliki huo kuliko mahali pengine popote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliwataka wanakijiji wajenge shule mpya, nao hawakuwa na fedha. Walichokuwa nacho ni msitu wa asili, na kampuni ya mbao ilikuwa tayari kununua miti yake. Wazee wakatia saini kwa uchungu, magogo yakaanza kuanguka. Mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, Paul Alan Cox, aliyekuwa akiishi hapo akijifunza dawa za asili, akaahidi kuilipia shule hiyo. Matai wakakubali, na ukataji ukasimamishwa. Mwaka 1989 wakafunga naye mkataba wa kuulinda msitu ekari 30,000, bila kuuhamisha kutoka mikononi mwa kijiji. Leo mgeni hulipa kijijini na kupita kwenye daraja lililotundikwa juu ya miti.

Sasa kuhusu mwenendo. Jioni, baina ya saa kumi na mbili na saa moja, vijiji vingi huwa na kipindi cha sala kinachoitwa sa. Kengele hulia au gunda la baharini hupulizwa, kila familia ikaingia ndani, na vijana wa kijiji wakasimama barabarani kuangalia nani anapita. Kipindi hicho hakizidi nusu saa, mara nyingi ni dakika kumi au kumi na tano. Kikikukuta unatembea, kaa chini pembeni, tulia, subiri ishara ya mwisho. Ukiwa na gari, simama, isipokuwa pale barabara kuu inaporuhusiwa kupitika. Na wale vijana watakuonyesha kwa mkono.

Jumapili ni ya kanisa. Tangu 2017 katiba inaitaja Samoa kuwa taifa la Kikristo, na siku hiyo maduka mengi hufungwa na vijiji kadhaa haviruhusu kuogelea. Alfajiri utaona moshi kila upande. Hiyo ni umu, mawe yaliyowashiwa moto hadi yakaiva, yakapangwa juu yake magimbi, mashelisheli, ndizi, samaki na nguruwe, kisha vyote vikafunikwa kwa majani. Baada ya ibada watu hula chakula hicho pamoja, kisha hulala. Mtu wa pwani yetu hatapata ugeni mkubwa kwenye sinia hilo, hasa akionja palusami, majani machanga ya magimbi yaliyofungiwa tui zito na kuokwa. Muislamu atahitaji tahadhari moja: nguruwe ndiye nyama ya heshima, na palusami huweza kutiwa nyama ya kopo. Sema mapema, kabla umu haijapangwa, kwamba dini yako hairuhusu. Wasamoa ni watu wa dini na watakuelewa upesi. Kinachowaudhi ni mgeni anayekisukuma chakula pembeni bila maelezo.

Mavazi hayatakusumbua ukibeba kikoi na kanga. Vazi la huko, kwa wanaume na wanawake, ni kitambaa cha kufunga kiunoni kiitwacho lavalava, na hata askari polisi huvaa sketi ya namna hiyo iliyoshonwa, tena wakapiga gwaride nayo. Nguo za kuogelea ziishie majini. Kutembea kijijini mapaja wazi, au kula huku unatembea, ni utovu wa adabu.

Nyumba ya asili, fale, ni ya mviringo au duara dufu, paa juu ya nguzo, bila kuta. Usidhani kwa kuwa haina mlango basi iko wazi kwa yeyote. Simama nje mpaka uitwe, vua viatu, na ukiingia kaa chini ukunje miguu, kwa sababu kumnyooshea mtu nyayo ni kumtukana. Ukilazimika kupita mbele ya waliokaa, inama na useme "tulou". Ukikaribishwa 'ava, kinywaji cha mizizi ya mmea wa jamii ya pilipili manga, pokea kifuu, mwaga matone machache chini, sema "manuia", kunywa. Si pombe, ila ulimi utapata ganzi kidogo.

Siku ukikuta msafara wa magari, watu wamebeba mikeka, maboksi ya chakula na bahasha za fedha, jua kuna msiba, harusi au mtu anatawazwa umatai. Wenyewe huita fa'alavelave. Mwenye kuijua michango yetu ya harusi na misiba hana haja ya kufafanuliwa, pamoja na manung'uniko yake. Kitu cha thamani kuliko vyote katika makabidhiano hayo ni 'ie toga, mkeka laini wa ukili wa mkadi unaoweza kumchukua mfumaji miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na ambao haukaliwi. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sehemu kubwa ya fedha za shughuli hizi hutoka ughaibuni. New Zealand peke yake ina Wasamoa zaidi ya 180,000. Mgeni aliyelala kwa watu huacha zawadi wakati wa kuondoka, chakula au bahasha, akiikabidhi kwa mkubwa wa nyumba.

Upande wa afya, Samoa haina malaria, kwa kuwa mbu aina ya anofelesi hajafika upande huo wa Pasifiki. Hata hivyo dengue ipo, na matende na mabusha, tunayoyajua vizuri pwani, yako pia. Mwaka 2018 Samoa iligawa dawa tatu kwa mpigo nchi nzima ili kuyatokomeza. Basi jikinge na mbu mchana na usiku. Hakikisha umechanjwa surua pamoja na watoto wako. Mlipuko wa mwaka 2019 uliua watu 83, wengi wao watoto chini ya miaka mitano, baada ya chanjo kuzorota. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda na Kongo, aende na cheti chake mkononi.

Usibebe mbegu, matunda wala viatu vyenye udongo. Mwaka 1993 ugonjwa wa majani uliangamiza magimbi ya Samoa karibu yote, chakula kikuu na zao kubwa la kuuza nje vikapotea ndani ya miezi michache, na maafisa wa uwanja wa ndege hawajausahau.

Njia ya kawaida ni kupitia Doha au Dubai hadi Auckland, kisha ndege ya saa nne hivi hadi uwanja wa Faleolo. Kibali cha mgeni hutolewa hapo hapo ukiwa na tiketi ya kurudi. Kazi iko njiani: New Zealand na Australia humtaka mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya awe na viza hata kwa kubadilisha ndege tu, na maombi huchukua wiki kadhaa. Saa za Samoa zinatutangulia kwa saa kumi. Mwisho wa 2011 nchi ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, watu wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi, kwa hiyo 30 Desemba ya mwaka huo haikuwapo kabisa. Ukipanda ndege ndogo kwenda Samoa ya Marekani unatua jana yake, jambo la kukumbuka unapokata tiketi ya kurudi nyumbani. Wanaendesha kushoto tangu Septemba 2009; kibali cha muda cha udereva hununuliwa, na mbwa wa vijijini ni wa kuogopwa kuliko madereva.

Mei hadi Oktoba ndiyo kiangazi. Novemba hadi Aprili ni msimu wa mvua na vimbunga. Tsunami haina msimu. Ile ya 29 Septemba 2009 ilipiga pwani ya kusini ya Upolu dakika chache baada ya tetemeko, ikaua watu zaidi ya 140, na kijiji cha Lalomanu, chenye ufuo unaopigwa picha kuliko yote, kiliumia vibaya. Familia zimerudi, zimejenga tena vibanda vya wageni pale pale, maana ndiyo ardhi yao. Ukilala huko, kabla hujazima taa muulize mwenyeji wako njia ya kupandia kilimani ni ipi, na ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, panda bila kungoja king'ora.