Presha ipo juu lakini maji hayatoki: shida ni kitambaa au ni tope?

Kwenye kitengo chetu cha uhandisi tunaulizwa sana, mbona filta presi, ile mashine ya kukamua maji kwenye tope, inachelewa kukausha tope la mgodi wakati pampu ni ileile na presha ni ileile? Tuanzie ndani ya mashine. Tope linasukumwa kwa presha katikati ya sahani zilizovalishwa vitambaa, maji yanapita, vumbi la mawe linabaki linajijenga kuwa keki, halafu hiyo keki yenyewe ndo inageuka chujio, kama machicha yanavyozuia tui kwenye kifumbu. Ndo maana keki ikiwa nene mara mbili muda unakaribia mara nne, sio mbili: maji ya kupitisha ni mara mbili na kizuizi nacho ni kinene mara mbili!

Mhandisi Henry Darcy alipima maji yakipita kwenye mchanga kule Dijon, Ufaransa, akachapisha 1856, na hesabu tunazotumia leo zimetoka humo. Yaani ndani ya kila mzunguko wa filta rekodi mara kadhaa muda uliopita na ujazo wa maji yaliyotoka hadi hapo, gawa muda kwa ujazo, kisha chora jibu dhidi ya ujazo huohuo. Presha ikiwa haibadiliki unapata mstari ulionyooka. Mteremko wake, yaani jinsi ulivyo mkali, unakuonyesha ukinzani wa keki, yaani inavyozuia maji, na pale unapokata mhimili wa wima ndo ukinzani wa kitambaa. Kwa hiyo mteremko ukipanda, tope limebadilika, labda udongo wa mfinyanzi umezidi au kinu kinasaga laini mno. Ikipanda ile sehemu ya kukata, kitambaa kimeziba, kioshe au badilisha. Wengi wanakimbilia kuongeza presha, na keki za chembe laini zinabanana zaidi, unachoma umeme bure.

Na hili sio suala la gharama tu jamani. Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma lilipasuka, watu 270 wakafa. Mabaki yaliyochujwa vizuri yanarundikwa na kushindiliwa yakiwa makavu, hayahitaji bwawa la namna ile, ila keki ikitoka mbichi huo usalama haupo, kwa hiyo pima unyevu wa keki kila zamu.

Kipima presha kiwekwe kwenye mdomo wa filta pale tope linapoingia, sio kwenye pampu peke yake, maana bomba refu linakula presha njiani. Na zile dakika za mwanzo presha bado inapanda usiziingize kwenye grafu, zitakupindishia mstari utafute ubovu kwenye kitambaa kisicho na shida.